Je, Mwanafunzi wa Fizikia Aongezewe Hisabati?

La mgambo likilia kuna jambo. Tangu muhula uliopita hapa shuleni hapakaliki kwa sababu ya pendekezo moja tu, kwamba kila anayesoma fizikia katika kidato cha tatu na cha nne ahudhurie somo la ziada la hisabati kila Jumamosi asubuhi. Tena si hisabati ile tuliyoizoea, ya riba na bei ya mashati. Ni hisabati tupu. Bwenini watu wamegawanyika, katika bwalo watu wanarushiana maneno juu ya sahani za githeri, na siku ya mdahalo wa chama chetu mwenyekiti aligonga meza mpaka nikaihurumia meza. Mimi siku hiyo sikupata zamu ya kusema kwa kuwa muda ulikwisha. Kwa hiyo naomba nafasi katika jarida letu hili nitoe dukuduku langu.

Kwanza tuelewane juu ya jina, maana kuna waliocheka. "Tupu" hapa si ya debe tupu ambalo haliachi kuvuma. Ni tupu kama tusemavyo maji matupu, yaani hayakutiwa majani chai wala sukari. Hisabati tupu haiulizi mkulima ana ekari ngapi wala mnara una urefu gani. Inauliza kwa nini kanuni fulani ni ya kweli, kama ni ya kweli siku zote au mara moja moja tu, na utamthibitishia vipi mbishi ambaye ameapa kutokukubali. Vyuo vikuu huyaita masomo haya kwa majina ya kutisha: uchanganuzi, aljebra dhahania, topolojia. Lililopendekezwa hapa kwetu ni dogo zaidi. Ni mantiki, uthibitisho, seti, na misingi ya kalkulasi kabla hatujaifikia darasani.

Nasema waziwazi kwamba naunga mkono. Lakini siungi mkono kwa sababu iliyotolewa na wasemaji wengi siku ile, na tena kuna neno moja katika pendekezo lenyewe ambalo nalipinga. Nitalifikia.

Sababu iliyotolewa ilikuwa alama. Eti ukiongezewa hisabati utapata A ya fizikia katika KCSE. Mimi sioni. Fizikia ya KCSE ina karatasi mbili za nadharia, kila moja alama 80, na ya maabara yenye alama 40. Hisabati inayotakiwa humo ni kubadilisha fomula, kuchora grafu, kutafuta mteremko wake na kushika vipimo vizuri. Hayo yote yamo katika silabasi ya kawaida. Anayeangushwa na mteremko wa grafu hataokolewa na nadharia ya seti. Ataokolewa na mazoezi ya grafu. Tusidanganyane hapo. Anayetaka somo hili kwa ajili ya alama atakata tamaa baada ya Jumamosi ya pili, na atakuwa na haki.

Basi faida iko wapi? Hebu chukueni pendulamu, yaani kijiwe kilichofungwa uzi na kuning'inizwa. Fomula yake mnaijua: muda wa mbembeo mmoja ni mara mbili ya pai, mara kipeuo cha pili cha urefu wa uzi ukigawanywa kwa mchapuko wa mvutano wa dunia. Uzi wa mita 1 unatoa sekunde 2 na ushei kidogo, kwa hiyo mibembeo 20 ni kama sekunde 40. Sasa itazameni fomula hiyo vizuri. Haina pembe ndani yake. Muulize mwanafunzi yeyote itakuwaje ukilivuta jiwe mbali zaidi kabla ya kuliachilia, naye atakujibu bila kupepesa macho, "Hakuna tofauti, pembe haimo kwenye fomula." Naam, haimo. Lakini mbona haimo? Nani aliitoa?

Ilitolewa katikati ya uthibitisho, mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kupita. Hapo mtu alisema: pembe ikiwa ndogo, saini yake (saini ya trigonometria jamani, si ile ya mwisho wa barua) inakaribia kuwa sawa na pembe yenyewe, mradi pembe imepimwa kwa redieni. Kwa digrii 10 ni kweli, kwa sababu pembe ni 0.1745 na saini yake ni 0.1736. Tofauti hiyo hata mchoyo hawezi kuigombania. Kwa digrii 60 pembe ni 1.047 lakini saini ni 0.866. Hapo udugu umekwisha. Pendulamu ile ile ya mita 1, ikiachiliwa kutoka digrii 60 na ikadumisha upana huo, itachukua takriban sekunde 43 kumaliza mibembeo 20. Sekunde tatu nzima! Saa yoyote ya maabara itaziona.

Sasa mwanafunzi aliyekariri akipata 43 atafanya nini? Sote tunajua. Atasema saa ni mbovu, au mwenzake alichelewa kuibonyeza, kisha ataandika 40.2 katika daftari kwa sababu ndilo jibu linalotakiwa. Kumdanganya mwalimu ni kosa, sawa. Lakini kuna kubwa kuliko hilo: pendulamu ilikuwa inamwambia ukweli naye akaiambia inyamaze. Mwenzake aliyepitishwa kwenye uthibitisho angeikumbuka ile "ikiwa ndogo" na kusimama. Angejua kwamba fomula ile ina mipaka, na kwamba amevuka mpaka.

Hiyo ndiyo faida ninayoiona mimi. Hisabati tupu inakuzoeza kuuliza kila jambo ni kweli chini ya masharti gani. Fizikia tunavyoifundishwa hutupa fomula, na masharti yake hutajwa kwa mkono wa kushoto, pengine kwa maandishi madogo chini ya mchoro. Katika hisabati tupu masharti ndiyo yanayotangulia. Huwezi kuanza sentensi kabla hujasema unazungumzia nambari zipi.

Nitoe mfano mwingine, huu wa majibu tunayoyatupa. Mtu amesimama juu ya mnara wa mita 15, anarusha jiwe juu kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde. Litafika chini baada ya muda gani? Tukichukua mvutano kuwa 10, tunapata mlinganyo wa kwadratiki wenye majibu mawili, sekunde 3 na sekunde hasi 1. Tunafanya nini? Tunaipiga mstari hasi 1, tunaandika "muda hauwezi kuwa hasi", tunachukua alama zetu na kwenda zetu.

Lakini mlinganyo haukukosea. Hasi 1 ina maana yake. Inasema kwamba kama jiwe hilo lingekuwa limerushwa kutoka ardhini sekunde moja kabla, kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, lingepita kwenye kilele cha mnara wakati ule ule na kwa mwendo ule ule wa mita 10. Pigeni hesabu wenyewe muone. Mlinganyo haujui habari za mnara wala za mkono wa mtu. Unajua tu njia nzima ya jiwe, ya mbele na ya nyuma. Ni sisi tuliosema hatutaki kusikia habari za nyuma. Pengine ni sawa kuitupa hasi 1. Lakini uitupe ukijua unatupa nini.

Kuna mtu ambaye hakulitupa jibu la namna hiyo, naye ni Paul Dirac wa Uingereza. Huyu bwana alisomea kwanza uhandisi wa umeme huko Bristol, akamaliza mwaka 1921, akakosa kazi. Chuo kikamkaribisha asome hisabati bila kulipa karo. Basi akakaa miaka miwili akisoma hisabati, na humo aliipenda sana jiometria. Mwaka 1928 alitoa mlinganyo wa elektroni ulioheshimu nadharia ya Einstein. Ukawa na majibu ya nishati chanya na majibu ya nishati hasi. Kwa desturi ya fizikia ya siku zile majibu ya hasi hutupwa. Dirac akahangaika nayo, na mwaka 1931 akasema lazima kuna chembe kama elektroni ila yenye chaji chanya. Mwaka uliofuata, 1932, Carl Anderson huko Marekani akaiona alama yake kwenye picha za mionzi itokayo angani. Leo chembe hiyo, positroni, hutumiwa hospitalini katika mashine za kuchunguza saratani, na humu nchini Kenya mashine hizo zipo. Sisemi kila anayesoma hisabati ya ziada atakuwa Dirac. Nasema tu kwamba miaka miwili ile ya ziada haikupotea.

Hapa najua kuna mtu ananyanyuka kitini. "Mbona Einstein alifeli hisabati?" Uvumi huu umekaa bwenini miaka mingi kuliko vitanda. Si kweli. Einstein alikuwa ameijua kalkulasi kabla ya kutimiza miaka kumi na mitano. Kilicho kweli ni hiki: alipokuwa chuoni Zurich, kuanzia 1896 hadi 1900, hakuyajali sana masomo ya hisabati ya juu. Aliona hisabati ina matawi mengi mno na kila tawi linaweza kumla mtu maisha. Kwa hiyo akashika fizikia. Basi mwaka 1912 alikuwa amekwama. Alitaka kueleza mvutano wa dunia na nyota kwa njia mpya, akaona kwamba jiometria tuliyoijua tangu Euclid haimtoshi. Ikabidi amwendee rafiki yake wa chuoni, Marcel Grossmann, ambaye hakukwepa masomo ya hisabati, na Grossmann akamwonyesha kwamba jiometria anayoitafuta ipo tayari. Bernhard Riemann alikuwa ameizungumza mwaka 1854! Nadharia ikakamilika Novemba 1915 baada ya miaka mitatu ya jasho. Leo saa za satelaiti zinazoelekeza ramani katika simu husahihishwa kwa nadharia hizo za Einstein. Zisiposahihishwa zinakwenda mbele kwa mikrosekunde 38 hivi kila siku, na kwa siku moja tu ramani ingeweza kukupoteza kwa kilomita kadhaa.

Kwa hiyo anayemtaja Einstein ili akwepe hisabati amemchagua shahidi wa upande wa pili. Isitoshe, si kila mtu ana Grossmann wa kumwendea.

Na akina dada nao wasikilize hili. Katika kidato cha tatu sote tunaimba kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Tunaimba kama wimbo wa gwaride. Kwa nini haiangamizwi? Jibu lake la ndani kabisa halikutoka maabara. Lilitoka kwa mwanamke mmoja wa hisabati tupu, Emmy Noether wa Ujerumani, ambaye mwaka 1918 alichapisha uthibitisho kwamba pale ambapo kanuni za maumbile hazibadiliki na wakati, yaani za jana ndizo za leo na za kesho, lazima pawe na kitu kisichopungua, nacho ndicho tunachokiita nishati. Zisipobadilika ukihama mahali, kuna kingine kisichopungua, nacho ni ile momenta ya magari kugongana. Mama huyu alifundisha chuo kikuu cha Göttingen miaka kadhaa bila mshahara, tena masomo yake yakitangazwa kwa jina la profesa mwanamume, kwa sababu tu ni mwanamke. Mwaka 1933 Wanazi wakamfukuza kwa kuwa ni Myahudi, akaenda Marekani, akafariki 1935. Kila tukiimba wimbo wetu wa nishati tunamtaja bila kumjua.

Sasa niwageukie wapinzani, maana wana hoja, tena nzito. Hoja yao kubwa ni kwamba fizikia ni macho na mikono. Ukimjaza mtu hisabati atageuka wa kukaa kwenye kiti na kuchora alama huku ulimwengu unapita dirishani. Siku ya mdahalo mmoja wao alimtaja Michael Faraday, mwana wa mfua vyuma, aliyejifunza kazi ya kujalidi vitabu na hakuijua hisabati zaidi ya hesabu za kawaida. Huyo ndiye aliyegundua mwaka 1831 jinsi sumaku inavyozalisha umeme, ile mada yetu ya kidato cha nne. Ni kweli kabisa. Ila msemaji alinyamaza kabla hadithi haijaisha. Mistari ya nguvu ambayo Faraday aliiona kwa jicho la ndani ilichukuliwa na James Clerk Maxwell akaitia katika milinganyo, na mwaka 1865 milinganyo ikasema kwamba kuna mawimbi ya umeme na sumaku yanayokwenda kwa mwendo wa mwanga. Heinrich Hertz akayazalisha maabara miaka ya 1887 na 1888. Redio zetu zinatokana na wote watatu.

Lakini mimi kama ningekuwa mpinzani nisingekwenda Uingereza kutafuta mfano. Ningemleta Erasto Mpemba, jirani yetu wa Tanzania, tena mwanafunzi wa kidato cha tatu kama sisi.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa Shule ya Sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka katika jokofu. Siku moja nafasi katika jokofu zilikuwa zinakwisha. Mpemba akaona akisubiri yapoe atakosa, akayatia yakiwa ya moto. Baada ya muda akakuta ya kwake yameganda, na ya mwenzake aliyeyatia bila kuyachemsha bado majimaji. Akamuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akaendelea kuuliza, akachekwa; likawa jina la utani darasani, kila anayekosea anaambiwa hiyo ni ya Mpemba. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni, Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza swali lile lile mbele ya wote. Wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam akalijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Leo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba ulimwenguni kote.

Je, Mpemba alihitaji hisabati tupu? Hapana. Alihitaji macho, na ujasiri wa kuuliza mara ya pili. Walimu na wenzake ndio waliokuwa na "nadharia". Hoja hiyo naikubali yote, na nadhani ingewatosha wapinzani kushinda ule mdahalo kama wangeitumia.

Lakini tazameni yaliyofuata. Zaidi ya nusu karne wanasayansi wamebishana juu ya maji ya Mpemba. Wengine wanayaona, wengine hawayaoni. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walipima tena kwa makini wakasema hawakupata ushahidi wa kuaminika, na wakaonyesha kwamba hata mahali unapoweka kipimajoto panaweza kukubadilishia jibu. Ubishi unatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka katika neno moja, "kuganda". Ni maji kufika nyuzi sifuri? Ni chembe ya kwanza ya barafu? Ni barafu mpaka ndani? Kila mtu alikuwa na kuganda kwake. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walilichukua swali wakaliandika upya kwa hisabati: chombo kilicho mbali na utulivu, lini kinaweza kuufikia utulivu kabla ya kile kilicho karibu? Masharti yakawekwa wazi. Na mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer huko Kanada wakalionyesha jambo hilo kwa chembe moja ndogo ndani ya maji, likitokea kama masharti yalivyosema, tena na tena.

Jicho la mwanafunzi wa kidato cha tatu liliona. Lakini ili ulimwengu ukubaliane ni nini hasa kilichoonekana, ilibidi mtu akae chini aulize neno hili lina maana gani. Kazi hiyo ya kubana neno mpaka lisikuponyoke ndiyo ya hisabati tupu. Kwa hiyo sioni kwa nini tuchague kati ya maabara na uthibitisho kama watu wanaogombania kiti kimoja cha matatu.

Kuna jambo la nchi yetu pia, ambalo katika mdahalo halikutajwa hata kidogo. Kabla ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, aliyetaka kusomea fizikia chuo kikuu alipitia kidato cha tano na cha sita, akasoma hisabati kwa miaka miwili zaidi. Darasa la mwisho la kidato cha sita lilimaliza mwaka 1989. Tangu hapo Mkenya anatoka kidato cha nne, ambako kalkulasi huletwa katika mwaka wa mwisho kabisa, na kuruka moja kwa moja hadi ukumbi wa mihadhara. Wenzetu wa Uganda wana kidato cha tano na sita, na mtihani wao wa hisabati wa ngazi hiyo una karatasi nzima ya hisabati tupu. Tanzania nao wana mkondo wa fizikia, kemia na hisabati ya juu. Wadogo zetu walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 wamepewa miaka mitatu, wao Mungu awasaidie. Sisi tuliobaki mkiani mwa 8-4-4, ambao wa mwisho wetu watafanya KCSE mwaka 2027, hakuna atakayetujengea daraja. Jumamosi hizi ndizo daraja lenyewe, hata kama ni la magogo.

Nimeahidi kusema ninalolipinga. Ni neno "kila". Pendekezo linasema kila mwanafunzi wa fizikia, kwa lazima. Hapana! Fikirieni wenzetu wa kidato cha tatu. Nimekaa nao, nimewasikia. Wako wanaoipenda fizikia kwa moyo wote ila hisabati imewatia hofu tangu shule ya msingi, na wengi wa hao ni wasichana. Wameshaanza kunong'ona kwamba kama fizikia inakuja na Jumamosi ya lazima ya hisabati, afadhali wachukue somo lingine. Tukiweka lango hilo tutakuwa tunawafukuza walewale wenye macho ya Mpemba kabla hawajafika kwenye jokofu. Wako pia wenzetu wa kutwa, ambao Jumamosi ndiyo siku ya kumsaidia mama sokoni au kulisha ng'ombe. Kumwambia huyo alipe nauli aje kuthibitisha kwamba kipeuo cha pili cha 2 si sehemu ni kumwonea, hata kama uthibitisho wenyewe ni mtamu. (Ni mtamu kweli. Muulizeni mwalimu yeyote wa hisabati.)

Somo liwe la hiari, basi, na mlango uwe wazi hata kwa asiyesoma fizikia. Walimu wetu, nawaomba kwa heshima zote, lisigeuzwe kuwa kipindi cha kusahihisha karatasi za mitihani ya zamani, maana sote tunajua ndivyo masomo ya ziada yanavyoishia. Lisiwe na mtihani. Lisitozwe hata shilingi moja. Yale yanayoonekana kuwafaa hata wa kutwa, kama lile la pendulamu, yaletwe ndani ya kipindi cha kawaida. Dakika 40 zinatosha kwa digrii 60 na mabishano yake.

Na zaidi ya yote lisile saa za maabara. Mchana wa Jumamosi ndio wakati pekee ambapo mtu anaweza kurudia jaribio bila kusukumwa na kengele. Waanze saa mbili asubuhi, wamalize saa nne, maabara ifunguliwe baada ya chakula. Nguo tutafua Jumapili.